Shikamoo Moja Tu

Jumapili, 2 Machi
Tumechelewa kanisani tena. Mwanangu Emiliana kamsalimia bibi yake mlangoni, kaitikiwa, kapiga hatua, karudi. Shikamoo. Karudi tena. Anasema haikutoka vizuri, na isipotoka vizuri bibi atakufa. Mtoto wa miaka kumi! Analia huku anaamkia. Mama mkwe anatabasamu: "Mtoto mwenye adabu kuliko wote hapa kijijini Daudi." Adabu gani?

Alhamisi, 6 Machi
Hospitali, Mbulu mjini. Si mapepo. Daktari kasema ni ugonjwa: wazo la hofu linang'ang'ania, mtoto anarudia ili litulie. Dawa inagusa kemikali ya ubongo, serotonini. Itachukua wiki kadhaa, tusimwachishe ghafla. Na mazoezi: asalimie mara moja, aondoke, avumilie hofu. Mume wangu kakubali. Mama mkwe, tulipomweleza, kainuka kwenda kukamua ng'ombe.

Jumanne, 22 Aprili
Leo Emiliana kamwamkia jirani mara moja, akaendelea kuswaga mbuzi. Nimelia kwenye shamba la maharage, peke yangu.

Jumamosi, 3 Mei
Jamani! Vidonge nimevikuta zizini, vimekanyagwa kwenye mavi ya ng'ombe. Mama mkwe hata hakukana. "Ananisalimia mara moja, ananipita kama mgeni. Dawa yenu imemfanya jeuri."
Jeuri! Kwa hiyo mtoto ateseke ili yeye aamkiwe? Nimemwambia maneno ambayo mkwe haambiwi. Sijutii. Mume wangu anataka nimwombe radhi. Aombe yeye.

Jumapili, 4 Mei
Emiliana alisikia ugomvi wote. Tangu asubuhi kasimama mlangoni kwa bibi yake. Shikamoo, shikamoo, shikamoo. Sauti imekauka, bado anasema. Safari hii mama mkwe hakutabasamu. Mwisho kaniita: "Mwambie aache."
Hawezi kuacha! Ndicho nilichokuwa nasema siku zote hizi.
Kesho hospitali, tukachukue dawa badala ya iliyotupwa.

Jumanne, 27 Mei
Dawa sasa inakaa kwa mama mkwe. Kaomba mwenyewe. Anampa kila asubuhi na uji. Radhi hatujaombana.
Leo Emiliana kasema shikamoo, kachukua ndoo, kaenda zake kisimani. Mama mkwe kaitikia marahaba, kabaki mlangoni anamtazama. Nami na mwiko mkononi, nasubiri shikamoo ya pili.
Haikuja.