Makande si Loshoro

Neema,
Krismasi imepita, Pasaka imepita. Umeolewa na chuo? Babu yako mzima. Shangazi yako ananiandikia hii.

Unalia utafeli kwa kuchanganya nukleosidi na nukleotidi. Acha woga! Serikali iliporuhusu watu binafsi kufanya biashara, mimi na wifi yangu tuliuza chakula sokoni Daraja Mbili. Mahindi na maharage ni makande. Ukitia maziwa ya mgando, kwetu ni loshoro. Siku moja maziwa yalikosekana, wifi akaita makande loshoro. Dereva mmoja, mteja wetu, akasukuma sahani.

“Shemeji, maziwa yako wapi?”

Wateja wakaanza kuinuka. Nikapaza sauti: “Leo ni makande!” Wakacheka, wakaketi.

Basi, shangazi yako amenisomea kitabu chako: besi ya nitrojeni ikishika sukari ni nukleosidi. Ikiongezwa fosfeti ni nukleotidi. Tazama kilichotiwa, ndipo utaje jina.

Mtihani ukiisha, shukia kwangu kwanza, sio kwa mama yako. Uje na njaa.

Bibi yako