Upana wa Jeneza

Jumapili, 25 Agosti 2024

Wamenirudishia Bashiri. Saa nne asubuhi gari la Noah limesimama mbele ya nyumba, kashuka Moza, mke mwenzangu, kashuka shemeji Ramadhan, wakamteremsha mume wangu na godoro lake kama gunia la korosho zilizokataliwa ghalani. Kiharusi. Upande wa kulia wote umelala, mdomo umepinda, mate yanachuruzika. Miaka kumi na minne amekula na kulala Ruangwa kwa bi mdogo. Leo anajikojolea — kaikumbuka njia ya Nachingwea.

Mlangoni godoro halikupita. Wakalikunja na yeye ndani yake.

Moza hata maji hakunywa. Kasema, dada, mgongo wangu hauwezi kumgeuza, halafu wewe ndiye mkubwa, una haki zako. Haki! Zilikuwa wapi miaka yote? Kaniachia mfuko wa dawa na kandambili moja. Ya mguu mzima.

Ramadhan kanivuta pembeni. Daktari kawaambia ni wiki mbili, tatu zikizidi. Na yeye kama mdogo wa marehemu — kasema hivyo, marehemu, na mtu anakoroma hapo ndani — ameshaamua. Atakapofia kaka yake, ndipo msiba utakapokaa na ndipo jeneza litakapotokea. Hataki wake wawili wagombane mbele ya watu.

Kwa hiyo msiba ni wangu. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka kumi na minne, Bashiri ni wangu.


Jumatatu, 26 Agosti

Nimekaa kwenye stuli barabarani, nikaiangalia nyumba yangu kama mgeni anavyoiangalia. Aibu. Sakafu ya baraza imepasuka vipande, kuku wanalala kwenye nyufa. Nguzo ya kati imeinama. Mlango ni mwembamba kama wa choo.

Mama yangu alipofariki jeneza lilikwama pale pale. Nguzo huku, fremu kule. Wanaume wakalilaza ubavu na mama yangu akabiringika ndani, nilisikia kishindo kwa masikio yangu. Watu wakasema marehemu kakataa kutoka, lazima kuna kitu nyumba ile. Shuleni nilikokuwa nafundisha, hadi wanafunzi wa darasa la tatu walijua. Bashiri alifika alasiri, watu wameshazika, akasema gari liliharibika Chunyu. Kila mwaka aliahidi kuutanua mlango, korosho zikishauzwa tu. Korosho zikauzwa, akatanua nyumba ya Ruangwa.

Sasa sikiliza, daftari. Bashiri atatoka mlango huu amenyooka. Ukoo wote utakuja, wa Chiola, wa Kilimarondo, na walimu wenzangu, watakaa kwenye baraza safi siku tatu. Na Moza atakuja kulia kwenye sakafu yangu, nyuma yangu, akiomba ruhusa ya kwenda kunawa. Hilo tu ndilo ninalolitaka. Mapenzi yalishakwisha zamani.


Jumanne, 27 Agosti

Saturnini fundi kaja na pima maji yake. Mtu mzuri, mzito kidogo. Kauliza, mwalimu, mlango tuuongeze kiasi gani? Nikamwambia: upana wa jeneza, na mwanaume mmoja kila upande.

Kautazama mlango. Kalitazama dirisha la chumba cha Bashiri, ambalo liko hapo hapo barazani. Kasema kwa sauti ya chini kwamba la kwao kanisani analijua, la msikitini hajawahi kulipima. Nikamwambia basi nenda kalipime.

Karudi na kamba yenye mafundo mawili. Mtunza msikiti alimuuliza ni nani aliyefariki. Saturnini akajibu, bado.

Nimeitundika kamba kwenye msumari sebuleni. Nacheka peke yangu kila nikipita.


Ijumaa, 30 Agosti

Nyundo tangu asubuhi. Nguzo ya kati imeanguka, fremu imetoka, vumbi limeingia hadi kwenye uji. Bashiri kanung'unika kitu, nusu Kimwera nusu mate. Nikaelewa anauliza kuna nini nje. Nikamwambia natengeneza baraza. Kafumba macho. Jicho moja. Lile la pili halifumbi vizuri.

Shida ni moja. Saturnini kasema baada ya kumwaga sakafu lazima inyeshewe maji siku saba, isikanyagwe, la sivyo itapasuka kama ya zamani. Na hiyo sakafu bado hata haijamwagwa. Nikapiga hesabu ya wiki mbili za daktari. Hazitoshi.

Bashiri hawezi kufa sasa. Asithubutu.

Nimekwenda kumuuliza nesi mstaafu wa mtaa wa pili. Kanipa ratiba nzima: kumgeuza kila baada ya saa mbili, kumkanda kwa maji ya moto, uji wa ulezi, kumkalisha, na kumpa kitu mkononi cha kuminya. Nimempa korosho moja ya maganda. Kila ikimdondoka naiokota na kumrudishia. Leo nimeiokota mara hamsini na sita.


Jumanne, 3 Septemba

Sakafu imemwagwa, na niru juu yake, ile saruji laini ya kung'arisha, nyekundu, laini kama shavu la mtoto. Pana kutoka ukuta hadi ukuta. Ngazi tumeziondoa, Saturnini kaweka mteremko, kasema wabebaji wa jeneza wakishuka ngazi huwa wanayumba. Mzito, lakini akili anayo.

Natoka na kuingia kwa mlango wa jikoni. Mbuzi wa Amna, jirani yangu, wananusanusa. Mmoja akikanyaga pale nitamchinja na kumwalika Amna kwenye mchuzi.

Bashiri kameza uji bakuli zima.


Alhamisi, 5 Septemba

Amna katoka mnadani Ruangwa na habari. Moza naye anapaka nyumba rangi! Waridi. Viti vya plastiki kanunua vipya, vimepangwa barazani na nailoni zake. Amna alimuuliza ana shughuli gani. Moza kasema, mtu hajui siku wala saa, na mume wake ana watu wengi Ruangwa kuliko huko alikopelekwa kuuguzwa.

Kuuguzwa! Yaani mimi ni wodi, yeye ndiye nyumba.

Nilikuwa bado na hasira niliposikia Bashiri anakorota. Uji umempalia. Uso umekuwa wa bluu, macho yametoka. Nikamkalisha, nikampiga mgongoni kwa kiganja, nikamtia kidole kooni, na nilikuwa napiga kelele, Amna kasikia, Saturnini kasikia: usife wewe mwanaume, usife, sakafu bado mbichi!

Ukatoka. Akavuta pumzi. Kisha akanitazama muda mrefu, na lile jicho lake zima lilikuwa na akili zote. Amesikia. Ameelewa.

Nilijisikia vibaya kama dakika tano. Baadaye nikakumbuka kile kishindo cha mama ndani ya jeneza, vibaya vikaisha.


Jumapili, 8 Septemba

Kidole cha mkono wa kulia kimecheza. Naapa. Nilikuwa namrudishia korosho na kidole kikaifunga. Nikasema, fanya tena, Baba Fatu. Akafanya tena. Nikapiga makofi kama nilivyokuwa nikifanya darasani mtoto akisoma sentensi yake ya kwanza, nikafurahi kabisa, hadi nikakumbuka ninachokisubiri.

Nimemwagilia sakafu. Mara nne.


Jumanne, 10 Septemba

Siku ya saba. Sakafu imekauka, ukiipiga kwa kisigino inaitika. Rangi ya ukuta imekauka — krimu juu, kahawia chini. Mchomeleaji kaleta grili, imezunguka baraza lote, na geti lake pana kama mlango. Nimefunga kufuli kwa sababu ya mbuzi. Ufunguo ni mmoja tu, nao unakaa mfukoni mwangu.

Nikasema tujaribu. Saturnini akachukua ngazi yake ya mbao, akapigilia ubao pembeni ili iwe na upana sawasawa na ile kamba, akaita wenzake watatu. Wakaibeba mabegani. Kutoka sebuleni, mlangoni, kona ya baraza, getini, mteremko, barabarani. Haikugusa popote. Wametembea taratibu, miguu sawa. Mpita njia mmoja kavua kofia.

Dirisha la Bashiri lilikuwa wazi. Mimi ndiye niliyelifungua. Nilitaka aone, na kaona yote, kichwa kikigeuka polepole kuifuata ile ngazi. Naandika kwa kuwa hakuna atakayesoma: nilifurahi. Saturnini alipokuwa anakusanya vifaa vyake hakuniaga vizuri. Kasema tu, kazi imekwisha, mwalimu, Mungu akusaidie.

Jioni nilipomlisha, Bashiri alishika kijiko mwenyewe. Mkono wa kushoto, lakini mwenyewe.


Alhamisi, 12 Septemba

Nesi mstaafu kaja kumwona. Kampima presha, kamminya miguu, kacheka. Eti huyu si wa kufa. Eti nimemuuguza kuliko hospitali, na angebaki alikokuwa angeshazikwa. Mke mwema, kasema, na akanishika mkono mbele ya mgonjwa.

Bashiri kacheka. Nusu ya uso imecheka na nusu imekaa kimya.

Sijala kitu leo.


Ijumaa, 13 Septemba

Baada ya swala ya Ijumaa kaniita. Kwa jina, na limetoka safi. Kasema: Mama Fatu, sakafu imekauka?

Nikasema imekauka.

Kasema, vizuri. Nipe simu.

Nikampa. Mimi mwenyewe ndiye ninayemchajia kila asubuhi. Nilisimama nyuma ya pazia, sioni aibu. Alimpigia Moza. Maneno yalikuwa mazito lakini sauti ilikuwa ile ya zamani, ile niliyoolewa nayo mimi. Mke wangu, njoo unichukue. Nimepona. Huku wameshanipima.

Moza alikuwa analia kwenye simu, nilimsikia hadi pazia lilipo. Eti rangi kaipaka kwa ajili yake, ili akirudi apapende nyumbani. Mwongo. Lakini Bashiri kamwambia, najua mama, najua.

Halafu kanirudishia simu na kusema, ahsante kwa uji.


Jumamosi, 14 Septemba

Naandika na wako hapa. Wamekuja saa tatu na ile ile Noah. Ramadhan kaleta kiti cha magurudumu, kaazima kwa watu wa parokia. Nimemwambia, shemeji, uliniapia kwamba atakapofia ndipo msiba utakapokaa. Kanijibu bila kunitazama kwamba ni kweli, shemeji, lakini hajafa.

Wamemvalisha kanzu. Kandambili zimetimia, Moza kaja na ya pili. Wakamketisha, Ramadhan akashika vishikio nyuma, wakaja mlangoni, na mimi nimesimama hapo nikiomba Mungu kiti kikwame. Hakikugusa fremu. Kilibakiza nafasi ya mwanaume mmoja kila upande. Mlango wa zamani kisingepita hata kwa kusukumwa na watu wanne.

Bashiri akasema wasimame kwanza, anataka kukaa barazani kidogo. Ramadhan kapitia jikoni, ambako kiti hakipiti bila kukunjwa, kwenda kugeuza gari. Moza yuko chumbani anakusanya nguo. Mimi niko sebuleni, daftari kwenye mapaja, na mlango uko wazi. Namwona kisogo. Ile korosho anaihamisha kutoka mkono wa kushoto kwenda wa kulia, kutoka wa kulia kwenda wa kushoto.

Watu wanapita barabarani na kumsalimia kupitia grili. Shikamoo mzee Bashiri, tulisikia uko hoi. Marahaba, anasema, hoi ilipita. Mmoja kasema, hongera mzee, baraza limependeza, hadi mteremko.

Bashiri kajibu: ahsante. Nililiahidi siku nyingi.

Nililiahidi. Nimeandika mara mbili ili nisije kusema nilisikia vibaya.

Noah imekuja, matako kuelekea getini, milango wazi. Ramadhan anatikisa kufuli. Anaita, shemeji, ufunguo. Moza anauliza kutoka chumbani kama shuka la bluu ni la kwake au la kwangu. La kwangu. Kila kitu humu ndani ni cha kwangu.

Ufunguo uko mfukoni mwa dera, chini ya daftari. Ramadhan anaita mara ya pili. Anauliza kama nimetoka. Watu wawili wamesimama nyuma yake kuangalia, na Amna anakuja na kanga yake begani.

Bashiri hajageuka. Anasema taratibu, kama mtu aliyekaa kwenye baraza lake, Mama Fatu, fungua.

Nimemjibu sakafu bado mbichi.