Duara Lisilo na Mstari

Jumatano, Februari 1991

Kesho nitaibandika karatasi hii ubaoni kabla mwalimu hajaingia, na Claudine alie kweli safari hii.

Leo alininyooshea kidole mbele ya darasa zima. "Musiye mwalimu, mtazame! Huyu wa mtaa wa Gitega ndiye katuletea macho mekundu!" Mwalimu akanihamishia dawati la mlangoni, peke yangu. Macho yangu ni mekundu kwa moshi wa kuni. Hayawashi, hayatoi tongotongo.

Basi nimechora. Kila msichana nimemwekea duara, na kila wawili waliokumbatiana nimewaunganisha kwa mstari. Jumatatu ya wiki iliyopita Claudine alikuja na macho mekundu, akasema amelia usiku kucha, bibi yake kafariki. Wakapanga foleni kumkumbatia, shavu kwa shavu: "Pole, dada, pole sana." Jumatano wakaamka macho yamegandana. Ijumaa ikawa zamu ya waliowasalimia hao. Mistari yote inarudi kwake. Tena huyo bibi, aliyekuja kikao cha wazazi muhula uliopita, nimemwona leo sokoni Muhima akichagua nyanya, mzima kabisa!

Nilicheka mpaka mama akagonga ukuta. "Wewe, una nini?"

Halafu nikaliona duara langu. Halina mstari hata mmoja. Sikumkumbatia mtu, wala hakuna aliyenikumbatia. Hicho ndicho kinachonitoa hatiani, na kesho darasa zima litakiona.

Nitaibandika hivyohivyo.