Spika ya Maneno Iko Jikoni

Baba Odeta,

Nimekwenda Kisesa kwa mama. Wale samaki sato wako kwenye sufuria. ~~Usiwape wageni wako wa kuangalia video.~~ Wape tu, wao hawana kosa.

Leo asubuhi umepima sebule kwa futi, ukapanga spika zako tano, mimi ukanitengea kiti cha nyuma, mlangoni. Nimekaa nikajaribu kusikiliza filamu. Spika ya huko inatoa mvua na risasi tu! Maneno yote yanatoka kwenye ile ya katikati, mbele ya kochi lako. Nikakuuliza mbona umeniweka huko, ukanijibu, "Kwani wewe si muda wote uko jikoni?"

Haya. Ile ya katikati nimeihamishia jikoni, waya umefika vizuri. Mkitaka kusikia watu wanasema nini, nendeni huko huko. Vyombo vya jana vinawasubiri.

Mama Odeta