Wanja wa Maji Alioleta Wifi

Mpendwa mshauri, shikamoo. Naomba unisaidie kabla sijapasuka, maana nyumbani hakuna ninayeweza kumwambia haya, na siku hizi kila anayenitazama naona kama ameshanijua. Mimi ni Agnela, napamba maharusi hapa Tengeru, nina saluni ndogo karibu na soko, na tangu biashara iwe huria na vipodozi vianze kumiminika kutoka mpakani Namanga, wateja wangu, wengi wao makarani na walimu, wananiuliza wanja gani wa maji ni wa bei nafuu na unafaa kupaka kila siku, kwa hiyo nimezoea kununua aina zote za bei ya chini na kuzijaribu machoni mwangu kwanza kabla sijampaka mtu.

Kuna wa kichupa cha duara, brashi yake nene na unachelewa kukauka, ukipepesa tu umeshajichapa juu ya jicho, kuna wa kalamu, mstari wake mwembamba mzuri na unakauka upesi lakini ikifika mchana unabanduka vipande kama rangi ya ukuta, na kuna wa mfuniko wa dhahabu, huo ndio nilioupenda, naupaka asubuhi, nakata vitunguu, nakaa na moshi wa jikoni na bado uko palepale, jioni unatoka kwa maji ya uvuguvugu na sabuni.

Sasa wifi yangu Tabea, dada wa mume wangu Eliasi, ndiye anayeniletea mizigo, na juzijuzi alileta huo wa mfuniko wa dhahabu kwa bei ya chini kuliko kawaida, nikaona karatasi ya jina imebandikwa upande na ukifungua unanuka gundi ya viatu, nikamuuliza, "Wifi, huu mbona unanuka?" akacheka, "Mzigo mpya huo, wifi, wewe unataka kunusa au kupaka?" nikaujaribu mkononi, ukakauka vizuri, nikampaka nao bibi harusi anaitwa Fransiska siku ya ndoa yake kanisani kule Nkoaranga.

Wakati wa kuapa Fransiska alilia kama maharusi wanavyolia, msichana wa kwaya anaitwa Namnyaki akampa leso yake ajifute, na kabla hawajatoka kanisani macho yalikuwa yamevimba hata hayafunguki, wakamkimbiza hospitali na gauni lake, shangazi yake akapiga kelele kwamba leso ilitiwa dawa kwa sababu Namnyaki ndiye aliyeposwa kwanza na huyu bwana harusi, na tangu siku hiyo Namnyaki ametolewa kwaya, akifika bombani wanawake wanabeba ndoo zao wanaondoka, na mimi siku ile nilikuwa nimesimama palepale na mkoba wangu wa vipodozi sikusema neno. Naushuku wanja, namshuku na Tabea kwamba anajaza vichupa mwenyewe maana niliviona vitupu chini ya kitanda chake, lakini labda kweli ni leso, mimi nitajuaje? Nikimgusa Tabea mama mkwe atasema navunja nyumba ya mwanawe, na Jumamosi nina bibi harusi mwingine, Tabea keshaniwekea kichupa kingine mezani. Nifanyeje? Nakuachia namba ya simu ya duka la jirani.

Agnela, Tengeru

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, Agnela. Majina nimeyabadilisha, lakini mwenyewe utajijua. Pole kwa hofu uliyo nayo. Pole hiyo naifanya fupi, kwa sababu yuko anayeistahili kuliko wewe.

Nilisoma barua yako mara mbili, na mara ya pili nikaanza kukushuku wewe. Unasema kila wanja unaujaribu machoni mwako kwanza. Huu uliujaribu mkononi. Kwa nini? Pua yako ilikwisha kukuambia. Macho yako ukayahurumia, ya Fransiska ukayatoa. Halafu unaniuliza kama labda ni leso!

Sikusubiri gazeti. Nilipiga simu dukani, ukaitwa.

"Kichupa ulichompaka Fransiska kiko wapi?"

"Kiko kabatini, mama. Nimekificha."

"Daktari wake amekiona?"

"Hapana."

"Basi anatibu asichokijua. Kipeleke leo."

Ukasema Tabea atajua. Nikakuambia ajue.

Ulikwenda, na kwa hilo nakushukuru. Uliponipigia baadaye ulikuwa unalia: daktari alikinusa, akasema mchanganyiko ule ukilowa machozi unaingia jichoni na kuunguza, akabadilisha dawa, na sasa jicho moja la Fransiska linaona vizuri na la pili limeanza kufunguka. Nikakuuliza habari za Namnyaki. Simu ikakatika. Ilikatika yenyewe, au uliikata? Ndiyo maana nakujibu hapa, mbele ya watu.

Tabea usimwite mwizi kwa kuona vichupa vitupu. Huenda anajaza, huenda naye kauziwa hivyohivyo huko mpakani. Mkalishe mbele ya Eliasi, weka vichupa mezani, muulize, umtazame anavyojibu. Vyovyote atakavyosema, mzigo wake usiingie tena saluni kwako. Mama mkwe akinuna, mwache anune. Na bibi harusi wa Jumamosi mpake ule wa kalamu, ubanduke mchana mkiwa mnakula pilau. Wanja wowote unaokutia shaka, anza na jicho lako au utupe.

Lakini haya yote yasubiri. Leo hii panda kwa kina Namnyaki. Mwombe radhi yeye na wazazi wake, na ukitukanwa, kaa kimya usikilize. Kisha mwombe mwende pamoja kwa shangazi wa Fransiska. Ukikaribishwa chai, usiipokee kwanza. Sema: "Wanja ulikuwa wangu. Leso ya huyu binti ilikuwa safi." Shangazi akijifanya hajasikia, rudia. Jumapili uyaseme hayohayo mbele ya kwaya, kwa mdomo wako, Namnyaki akiwepo. Usimtume mtu.