Shavu la Kushoto

Jumatatu, 4 Machi

Mwalimu wa mantiki ametupa kazi ya nyumbani, utadhani nyumbani kwetu hakuna kazi! Tumsikilize mtu yeyote akibishana juu ya uzuri, tuandike hoja yake, kisha tutafute kanuni iliyojificha chini yake. Ile asiyoisema. Akatoa mfano: mtu anasema ua hili ni zuri, kwa hiyo lisichumwe. Kaficha nini? Kwamba kizuri hakiguswi. Iondoe kanuni hiyo, hoja yote inakaa chini. Mzee mmoja wa kiti cha nyuma akasema kwake hoja ni moja tu, ukipenda chongo utaita kengeza. Mwalimu akajibu kwamba hiyo si hoja, hiyo ni ndoa. Tulicheka sana.

Na umri huu, najisomea upatanishi! Mchana mimi ni karani wa baraza la usuluhishi, nawaandika majirani wanaogombania ukuta. Jioni nasomeshwa kwa nini wanaugombania.

Nilipitia kwa Baba. Studio ilishafungwa zamani, kimebaki chumba cha mbele, pazia la kijivu na viti viwili, chake na cha mteja. Jumamosi ya wiki ijayo Dada anamhamishia kwake. Sawa tu, hawezi tena kukaa peke yake. Juzi aliacha bomba wazi, maji yakafika barabarani. Lakini nilipokaa kwenye kiti cha mteja nilisikia ile harufu ya dawa za kusafishia picha, kali kama siki. Utoto wangu wote unanuka siki.

Jumatano, 6 Machi

Balaa! Picha ya Mama imeharibika.

Ni ile iliyokuwa juu ya meza ya Baba, aliyompiga kabla hawajaoana. Dada alitaka ikuzwe, itundikwe chumba kipya, ili Baba akiamka mahali pageni amwone mkewe atulie. Tunaihitaji kweli. Siku hizi kuna asubuhi Baba hatujui sisi ni nani, ila ile picha hajawahi kuikosea. Fundi wa picha wa mtaa wa pili aliichukulia nakala kwenye kompyuta, ndipo akaitoa kwenye fremu. Unyevu ulikuwa umeigandisha kwenye kioo. Ilitoka vipande vipande. Negative, ile filamu picha inakotolewa, ilienda na mafuriko ya mwaka ule. Kwa hiyo iliyobaki ni nakala ya fundi, basi.

Akatuuliza: hiki kidoa cheusi shavuni akiondoe au akiache?

Dada ni nesi, tena ndiye mkubwa, kwa hiyo alikuwa na jibu. Kidoa cha Mama kilikuwa shavu la kulia. Cha kwenye picha kiko la kushoto. Basi si cha Mama, ni uchafu. Nikasema labda picha imegeuzwa. Fundi akakuza kalenda iliyo ukutani nyuma ya Mama: herufi zinasomeka vizuri kabisa. Haijageuzwa. Mbona basi hicho cha kulia hakipo, fundi akauliza. Dada akasema vidoa vingine huja na umri.

Nikaiandika kanuni yake nyuma ya risiti: picha nzuri ni ile inayofanana na mwenyewe. Nani atapinga? Nami nikasema kiondolewe.

Ijumaa, 8 Machi

Nimefungasha vyombo vya Baba. Brashi, taa, kile kisu chembamba alichokuwa akikwangulia negative. Kila kitu kinanirudisha nyuma.

Watu walimfuata kutoka mbali kwa sababu ya mkono wake, lakini alikuwa na mwiko wake mmoja. Hagusi uso kabla mwenyewe hajauona. Kwanza picha ya majaribio. Mteja anarudi, anakalia kiti kile, anajitazama, ndipo anasema nini kitoke na nini kibaki. Akisema kovu libaki, linabaki. Akituma ndugu yake aje kusema, Baba hamsikilizi. Alikuwa akipaza sauti kutoka chumba cha giza: "Mwenyewe keshaiona?" Mama, pale mapokezi, anajibu keshaiona au bado. Ikiwa bado, "Basi tungoje." Na kazi inalala hata wiki.

Ikawa wimbo wa nyumbani. Dada kanyolewa, mwenyewe keshaiona? Mimi nimeleta ripoti ya shule, mwenyewe keshaiona? Mama akicheka mpaka anashika mbavu. Na asubuhi, kabla ya kufungua duka, alikuwa akisimama mbele ya kioo cha korido na kalamu yake ya wanja, na Baba amesimama nyuma yake na kikombe cha chai, anamtazama. Nilikuwa napita katikati yao kwenda shule. Natamani ningesimama kidogo.

Jumapili, 10 Machi

Picha imekuja. Kubwa, safi, shavu laini kama la mtoto. Fundi kajitahidi, siwezi kumlaumu.

Baba aliishika kwa ncha za vidole, ufundi haujamtoka. Akaigeuza kwenye mwanga. Akasema msichana huyu mrembo, wa nani?

Dada akasema ni Mama. Baba akatikisa kichwa kwa upole, kama anavyomkatalia mteja. Halafu akauliza Mama yuko wapi, mbona hajatoka mapokezi. Hilo swali! Mwezi uliopita Dada alimwambia ukweli, akalia kama ndiyo kwanza anaupata msiba. Kesho yake akauliza tena, akaambiwa tena, akalia tena. Tangu hapo tumekubaliana: hatumwambii, wala hatumdanganyi. Nikamuuliza kama chai yake imepoa. Dada alienda jikoni, akafungua maji ili tusimsikie.

Jumanne, 12 Machi

Leo Baba alikuwa mzima kabisa! Kaniita kwa jina la utani, Kiroboto, ambalo sijalisikia tangu Mama afe. Nikaona nisipoteze nafasi. Nikamuuliza habari za kidoa.

Akacheka. Alikuwa ndiyo kwanza ameanza kazi, anasema, na msichana wa watu alikuwa mzuri mno. Akataka kumshangaza. Akaamua kuisafisha negative yake kabla hajamwonyesha. Kisu kikateleza. Kwenye negative ukikwangua, kwenye picha panatoka peusi. Akamtia doa shavuni mtu ambaye hakuwa na doa popote! Akampa picha hivyo hivyo, akatamani ardhi ipasuke.

"Akarudi kesho yake," Baba akasema. "Kajichora kidoa na wanja. Kakaa pale kwenye kiti, kaniambia: haya, sasa ninafanana na kazi yako."

Ila alichora akitazama picha na kioo kwa pamoja, na kioo kinageuza. Akakiweka shavu la kulia. Baba aliona, akanyamaza. Angeanzia wapi kumsahihisha, yeye aliyeharibu? Mama naye akaendelea kukichora, kila asubuhi, mpaka uzee.

Kwa hiyo ndiyo ile kalamu ya kwenye korido! Nilidhani anapaka macho tu. Na hospitali, wiki ya mwisho, shavu lake lilikuwa tupu, nikadhani ni machozi yangu yananidanganya. Nimelia ndani ya basi kama mwehu. Abiria mwenzangu kanipa leso, sikumwambia sababu. Ningesemaje? Kwamba mama yangu hakuwa na kidoa?

Jumatano, 13 Machi

Dada naye kalia, kisha kaanza ubishi, ndiye Dada. Kidoa kirudishwe, hilo tumekubaliana. Fundi anauliza: shavu gani? Dada anasema kulia, ndivyo Mama alivyoishi. Mimi nasema kushoto, ndivyo picha ilivyokuwa, na picha ndiyo Baba anayoijua. Baraza zima la usuluhishi liko kichwani mwangu na siwezi kusuluhisha shavu moja.

Mwalimu kasahihisha kazi. Kanuni ya Dada kaipa alama ya vema. Chini ya jina la Baba nilikuwa nimeandika: kizuri ni kile unachokipenda. Kaikata kwa wino mwekundu. Anasema hiyo ni chongo na kengeza, nimeandika moyo wangu mwenyewe. Nimtazame mzee wangu anafanya nini siku zote, sio anajisikiaje.

Kaniudhi. Tena kwa sababu anasema kweli.

Jumamosi, 16 Machi

Naandika nimepakata daftari, studioni. Vitanda vimeshapakiwa. Gari liko mlangoni na dereva ameshapiga honi.

Tulikubaliana aamue Baba. Tukampa ile picha safi, na Dada akatoa kwenye mkoba kalamu ya wanja ya Mama, kumbe alikuwa ameitunza. Nikamwambia, Baba, kirudishe mwenyewe, popote unapotaka. Asubuhi hii hakunijua. Lakini kalamu aliijua. Akakaa kwenye kiti chake, akalaza picha gotini. Akaisogeza ncha mpaka karibu na shavu. Hata sikuona ni lipi, nilikuwa nimefumba macho.

Nilipofumbua alikuwa amesita. Kainua kichwa kuelekea mapokezi.

"Mwenyewe keshaiona?"

Dada kanikodolea macho. Ee Mungu. Kumbe mimi na Dada tumebishana wiki nzima kulia na kushoto, juu ya uso ambao si wetu! Ndiyo kanuni yake hiyo, imesemwa kwa sauti miaka yote, na mimi naitafuta shuleni. Alishawahi kuivunja mara moja, kwa mtu mmoja.

Nikasema, "Bado, Baba."

"Basi tungoje."

Akaweka kalamu juu ya picha. Akanyanyuka, akakivuta kiti cha mteja kwenye mwanga wa dirisha, akafuta vumbi kwa kiganja. Sasa tumekaa. Dereva anapiga honi tena, na Dada, ambaye ndiye aliyekodi gari, hajainuka kumjibu. Baba anatazama mlango, ametulia kabisa, na kile kiti bado kinamngoja Mama.