Vidole vya Baba kwenye Spika

S.L.P. 417,
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Hujambo huko uliko? Wifi yangu hajambo, na wale wanangu wawili wanaendeleaje na masomo? Na kile kifua kilichokusumbua wakati wa baridi kimepoa, au bado unakohoa na kusingizia vumbi? Sisi huku ni wazima wa kuamka na kulala. Cherehani bado inanilisha. Shangazi magoti yanamuuma, ila ulimi ni mzima kabisa.

Barua yako ilifika wiki mbili zilizopita, pamoja na kifurushi cha mashine za masikio. Nisamehe kwa kuchelewa kujibu. Kila nilipoketi kuandika nilitafuta habari njema ya kutanguliza, na sikuipata.

Uliuliza amplifaya na spika za baba zimepatwa na nini, maana kwenye picha niliyokutumia uliziona zimejaa alama za vidole. Ulishangaa, na ulikuwa na haki. Huyu ndiye mzee aliyepiga muziki kwenye harusi za watu miaka thelathini, na sisi wanawe hatukuthubutu kusogelea vyombo vyake kabla ya kunawa na kumwonyesha viganja, mbele na nyuma. Sasa alama zile ni zake mwenyewe.

Tangu usikivu uanze kumtoka, ameacha kukaa kwenye kiti chake. Anavuta kigoda mpaka mbele ya spika, anaweka viganja vyote viwili kwenye mbao, na kusikiliza kwa mikono. Nayo mikono, kwa sababu ya viungo, anaichua marhamu asubuhi na jioni. Basi mafuta yakatapakaa kwenye spika, kwenye vitufe, na kwenye kile kifuniko cha plastiki cha mashine ya santuri. Vidole kumi, utadhani vimepigwa mhuri.

Mimi nikaona vibaya. Shangazi akasema hakuna mafuta yanayoshindana na spiriti, nami kwa haraka zangu nikaichovya pamba nikasugua. Kifuniko kikafanya ukungu kama jicho lenye mtoto wa jicho. Tena afadhali hicho. Yale maandishi meupe chini ya vitufe vya amplifaya yakatoka yote na pamba. Baba alipokuja kuwasha alisimama pale akitafuta besi iko wapi, kidole kikienda huku na huku. Hakunikaripia. Ningefurahi kama angenikaripia.

Nikamwita yule mwanafunzi wake tuliyekuwa tukimwita Waya. Siku hizi ana karakana yake na upara wa heshima. Akatazama, akaguna, akasema maandishi hayarudi na kifuniko hakirudi. Kisha akanifundisha, nami nakufundisha wewe, maana mikono yako naijua tangu utotoni. Kwanza zima, chomoa waya ukutani, uache chombo kipoe. Futa kwa kitambaa laini kikavu, kile cha miwani. Mafuta yakikataa, tia tone moja la sabuni ya vyombo kwenye maji ya uvuguvugu, lowesha kitambaa na ukikamue mpaka kisidondoshe hata tone, upitishe taratibu bila kukandamiza, halafu ukaushe papo hapo kwa kitambaa cha pili. Dawa ya kupuliza usikipulizie chombo kamwe, maji yatapenya ndani. Na ile karatasi ya spika inayotetemeka usiiguse kabisa. Vumbi lake liondoe kwa brashi laini, kwa pumzi ya mgonjwa. Hayo ni maneno yake.

Tangu hapo nikawa nafuta kila asubuhi kabla ya kushona. Kwa kuwa baba hawezi tena kusoma vitufe, mimi ndiye ninayewasha na kuweka santuri, yeye anaweka mikono.

Sasa nisikilize. Jumanne iliyopita nilichomoa na zile nyaya za nyuma ya spika ili nifute vizuri. Katikati ya kazi mteja akabisha hodi, gauni lake limebana kwapani. Nilipomaliza naye nikawasha amplifaya, nikaweka santuri, nikarudi kwenye cherehani. Nikashangaa mbona nyumba iko kimya. Nyaya sikuzirudisha. Nikainuka kwenda kurekebisha, nikamkuta baba anatikisa kichwa taratibu, mguu unapiga mdundo, macho ameyafumba. Nilisimama mlangoni nikisikia sindano ikikwaruza santuri peke yake. Upande mzima ukaisha hivyo. Akanigeukia, akaniambia leo besi imekaa vizuri.

Nikaenda jikoni nikafungulia maji ya bomba, ingawa hakukuwa na haja. Nani angenisikia?

Kesho yake nikazirudisha nyaya. Kichwa kilekile, mguu uleule. Hapo nikakumbuka maneno ya daktari wa masikio, ambayo sikukuandikia yote. Alisema mashine hukuza sauti inayofika, na kwa baba mishipa imekufa, hakuna kinachofika. Shangazi alikuwepo. Tulipofika nyumbani akasema sikio la kufa halisikii dawa. Tulitupiwa msemo huo kila tulipokuwa wakaidi, mdogo wangu. Sikujua kuwa ipo siku mtu atausema bila kumtania yeyote.

Alhamisi nikashindwa kuvumilia. Siku hizi mambo marefu tunaongea naye kwa daftari, nami nikamwandikia kwamba Jumanne spika hazikuwa na waya. Akasoma, akavua miwani, akaipangusa kwa shati.

“Najua,” akasema. “Niliziona zimelala sakafuni.”

Nikaiweka kalamu juu ya daftari.

“Sisikii kitu tangu mwaka jana,” akaendelea, kwa ile sauti yake ya siku hizi isiyojua ukubwa wake. “Na mikono nayo imeshakufa ganzi. Lakini wewe kila asubuhi unafuta, unawasha, unasimama pale mlangoni kunitazama. Nikaona nikiacha, nitakuvunja moyo.”

Alichukua kitambaa magotini pangu, akafuta alama zake mwenyewe, jinsi alivyokuwa akifuta zamani, kuanzia juu kushuka. Akakunja kitambaa mara nne. Akaniomba shuka, tukavifunika vyombo pamoja. Tangu siku hiyo hatujawasha. Shangazi anasema nyumba imekuwa kubwa.

Kuhusu mashine ulizotuma, asante, najua ulivyojinyima usingizi kuzitafuta. Anazivaa Jumapili tu, unapopiga simu. Anashika simu sikioni, sauti nimeiongeza mpaka mwisho, anatazama midomo yangu nikimkariria maneno yako bila sauti, na ninapochelewa anacheka tu, kwa kukisia. Ndiyo maana wewe unaona anaendelea vizuri.

Sikuiti uje ukute nafuu. Nafuu haipo. Lakini ukipata likizo njoo, uketi mbele yake penye mwanga, uongee polepole, maana midomo bado anaisoma. Na simuni usimuulize tena kama anakusikia. Atakujibu ndiyo. Atakujibu ndiyo mpaka siku ya mwisho wake.

Shangazi anakusalimu na anataka kujua kama umeota kitambi. Waya anakusalimu. Baba nilimwandikia kwamba nakuandikia barua, akasema nikwambie ule vizuri na usikae na nguo za unyevu. Nibusie wanangu na wifi. Mungu akulinde hapo ulipo, na atufikishe kuonana tungali tunatambuana.

Ni mimi dada yako, nikupendaye siku zote.